Miguu Umeitoa Wapi

Luku iliisha saa ya magharibi. Adventina akamwacha mwanawe sebuleni, akavaa ndala, akatoka kwenda kununua umeme. Duka liko pale pale mtaani, Picha ya Ndege, karibu kiasi kwamba ukisahau chenji unaitwa kwa sauti tu. Alimwambia Recho asifungue mlango na asiguse kompyuta iliyokuwa wazi mezani. Recho alikuwa darasa la kwanza na tayari alikuwa na maoni juu ya kila kitu. Akamjibu mama yake kwamba kompyuta yenyewe ina picha moja tu, hata cha kugusa hamna.

Aliporudi, kabla hajatia ufunguo, alisikia hatua ndani ya nyumba.

Ta... ta... ta...

Miguu mitupu juu ya sakafu. Myepesi, ya mpangilio mmoja, kama mtoto anayetembea kwenye korido, anakwenda, anakwenda, wala hafiki.

Alimwita Recho. Hatua zikakoma.

Alipofungua mlango kilichompokea kwanza ni harufu. Mafuta ya nyonyo, mazito, ya siku nyingi, kama ya chumba alichofungiwa mtu. Nyumba ile haikuwa na mafuta ya nyonyo. Adventina alijipaka losheni ya dukani, kama watu wote waliopoteza ajira bila kupoteza mazoea.

Recho alikuwa ameketi mkekani gizani, miguu ameinyoosha mbele.

"Nani alikuwa anatembea?"

"Yeye," mtoto akanong'ona, akaielekeza kompyuta kwa kidevu. Kisha akasema, "Mama, siwezi kusimama."

Kwenye kioo cha kompyuta, kwa nguvu ya betri, katuni ilikuwa inatembea.

Adventina alikuwa ameisimamisha kabla ya kutoka. Hilo alikuwa na uhakika nalo kuliko jina lake.

Kazi hii ya katuni aliianza pale mkataba wake ulipokwisha kwenye mradi mmoja wa kilimo, mradi wenye semina nyingi kuliko mihogo. Shahada yake haikumpa kazi nyingine, basi akajifundisha kuchora kwa kompyuta. Unamchora mtu vipande vipande: kichwa peke yake, paja peke yake, unyayo peke yake. Halafu unamtia mifupa, unaifunga kwenye viungo, na ukivuta mfupa mmoja nyama inaufuata. Mwalimu wake alikuwa Dulla, kijana wa Kisarawe aliyeisomea fani hiyo, na ni Dulla aliyemletea kazi ya kwanza: katuni za watoto zenye asili ya Pwani.

Adventina ni Mhaya wa Muleba. Mambo ya Pwani aliyajua kwa kuchungulia dirishani. Basi Dulla akampeleka Vihingo kwa Bi Havijawa, kungwi wa Kizaramo, mama wa makamo mwenye simu mbili na maneno machache, ambaye ukoo wake ulimtunza mwana hiti. Ni mtoto wa kuchongwa kwa mti, anayepewa mwali akiwa ndani. Mwali humlea: humwogesha, humpaka mafuta, humbeba, mpaka siku ya kutoka anapomrudisha kwa wenyewe. Ana kichwa chenye kishungi, ana matiti, ana kitovu. Basi. Mikono hana, miguu hana.

Bi Havijawa aliruhusu apigwe picha. Alisema tu achorwe alivyo.

Adventina alishukuru kwa adabu zote, na moyoni, kwa akili ya chuo kikuu, akakata shauri kwamba viungo vilikatika kwa uzee. Wala hakuuliza. Msomi anaona haya kuuliza mambo ambayo anaweza kuyakisia.

Dulla naye akasema gogo halichezi. Watoto watamkimbia. Aanze na miguu, mikono itafuata baadaye. Adventina akachora miguu mizuri ya mviringo, akaitia mifupa. Tatizo likawa mwendo. Kila alipomtembeza aliteleza kama amekanyaga sabuni. Dulla akamwelekeza wanavyofanya wote: mpige video mtu anayetembea kweli, iweke chini ya mchoro, kisha ufuatishe hatua kwa hatua, goti likikunjwa ukunje, kisigino kikitua utue. Mtu aliyekuwapo nyumbani alikuwa Recho. Akamtembeza koridoni mbele ya simu, akamfuatisha hadi hatua ya mwisho ikaungana na ya kwanza, mwendo usiwe na mwisho. Alimaliza alasiri ya siku ile ile. Akaituma kwa Dulla, akasimamisha picha, na ndipo umeme ukaisha.

Hospitalini walimpima mtoto kila kinachopimika. Mifupa mizima. Damu safi. Ukimgonga goti kwa kinyundo, haliruki. Wakashauri aletwe tena. Raphael, mumewe, anayeamka na giza kuwahi kazi Dar es Salaam, aliita watu wa jumuiya ya kanisani wakaja kusali, wakasali vizuri sana, wakanywa chai. Stellamaris, jirani wa ukuta kwa ukuta, akasema mchana kweupe kwamba mtoto amechezewa na wachawi. Adventina hakuwa na subira na maneno hayo. Akamwambia kwamba ugonjwa usiojulikana una jina pia, bado tu halijapatikana.

Lakini usiku hakulala. Na mchana, akimsugua Recho miguu, alihisi inavyozidi kuwa baridi, na ngumu. Siku moja aligonga muundi wa mguu kwa kidole, bila kukusudia.

Ukalia kama mti.

Ndipo akaichukua simu, akaitafuta ile video. Alitaka tu kumwona mwanawe akitembea. Mama anaruhusiwa hilo. Akabonyeza.

Korido ilikuwepo. Ukuta, ndoo, mwanga wa dirisha. Hatua zilisikika, ta, ta, ta. Na sauti yake mwenyewe ikisema, haya mama, njoo, njoo polepole.

Hakuna aliyekuja.

Akaifungua kompyuta akafuta faili. Akafuta na nakala. Akampigia Dulla afute na yeye. Dulla akacheka kidogo, akasema dada Adve, nimeshawatumia wenye kazi, na wamefurahi, hasa hii ya leo.

"Ipi ya leo?"

"Si hii uliyotuma asubuhi. Ile ambayo anakimbia."

Adventina hakuwa ametuma kitu.

Kesho yake alimfunga Recho mgongoni kwa kanga, mtoto mkubwa wa shule, akaenda naye Kisarawe, na kutoka Kisarawe akapanda bodaboda mpaka Vihingo. Njia nzima miguu ya mtoto iligongana nyuma yake, ko, ko, kama michi miwili. Bi Havijawa alikuwa uani anapepeta mchele. Adventina akamwamkia, akaitikiwa. Yule mama akautua ungo, akawazunguka, akaigusa miguu ya Recho. Hakuonyesha kushangaa. Alionyesha kuudhika, kama mtu aliyeazimisha sufuria ikarudishwa imeungua.

"Miguu umeitoa wapi?" akauliza.

Adventina alianza kueleza programu na mifupa na video. Akajisikia anavyoeleza.

"Nilikuuliza miguu."

"Ya huyu," akasema Adventina.

Bi Havijawa akamwingiza ndani. Hakuwasha taa. Chumba kilinuka mafuta ya nyonyo. Alizungumza kwa sauti ya chini, kama mtu asiyetaka kusikiwa na aliyelala chumba cha pili. Alisema yule hakukatika kitu. Alichongwa hivyo kwa makusudi, na waliomchonga hawakukosa mti. Mwenye miguu ana pa kwenda. Yule hana pa kwenda, anabebwa, anarudishwa. Sasa kuna mtu amempa miguu. Na miguu haiokotwi njiani. Mmoja akiipata, kuna mwingine aliyeikosa.

"Nimemfuta, mama. Bado anatembea."

"Aliyekwisha kutembea ukimkata miguu, atatambaa." Bi Havijawa akatazama mlangoni. "Na atatambaa kuja kwako."

Adventina akapiga magoti. Katika maisha yake alikuwa hajampigia magoti mtu asiyekuwa mzazi wake. Akasema atatoa chochote. Kungwi akamwambia asimwage maneno. Hakutakiwa kutoa kuku wala shuka la kaniki.

"Ulimpa ya mtoto. Mpe nyingine, aiache hiyo."

"Ya nani?"

Bi Havijawa aliitazama miguu ya Adventina, kwa muda, kwa huruma. Kisha akaenda kumalizia mchele wake.

Hakumwambia Raphael. Angemwambia nini? Alimngoja aende kazini, akamlaza Recho kitandani, akaisimamisha simu juu ya kigoda, kwenye korido, ikiegemea ndoo. Akatembea mbele yake. Alijisikia mjinga. Mwanamke mwenye shahada, bila viatu, anajipiga video akielekea bafuni. Akarudia, maana mara ya kwanza alikuwa analia, na mtu anayelia hatembei sawasawa.

Faili ilikuwepo. Aliyoifuta kwa mkono wake, ilikuwepo kwenye kompyuta, pale pale.

Akaiweka video yake chini ya mchoro, akaanza kufuatisha. Goti likikunjwa, akakunja. Kisigino kikitua, akatua. Kwa kila hatua aliyoibadilisha, kitu cha baridi kilimpanda. Vidole kwanza. Halafu nyayo. Alasiri ilipofika hakuwa na habari ya magoti yake, na chumbani Recho akaanza kulalamika.

"Mama... miguu inaniwasha."

"Jikune, mwanangu."

Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa. Machozi yalimdondokea kwenye kibodi, hakuyafuta, mikono ilikuwa kazini. Alijua kwamba akiacha katikati watabaki nusu kwa nusu, wote wawili. Hatua ya mwisho lazima iungane na ya kwanza.

Akaiunganisha.

Katuni ikatembea. Haikuwa tena na mwendo wa mtoto. Ilikuwa na mwendo wa mwanamke, mzito kidogo upande wa kulia, wa mtu aliyechoka lakini hataki ajulikane. Adventina akajaribu kusogeza mguu. Chini ya kiuno palikuwa kimya.

Chumbani, kitanda kikalia. Kisha...

Ta. Ta. Ta ta ta.

Recho alitokea mlangoni amesimama, anacheka, anajitazama miguu kama amenunuliwa viatu. Akaruka. Akaruka tena, akamwambia mama yake asimame waruke wote, mama akasema yake miguu sasa inauma. Adventina akamkumbatia akiwa amekaa, akamshikashika mapaja, mashavu ya miguu, visigino. Nyama. Joto. Akamshukuru Mungu, na kwa siri akamshukuru na Bi Havijawa. Gharama ameilipa, na ni yeye aliyelipa. Raphael ataelezwa kitu. Viti vya magurudumu vipo.

Mtoto alitaka kukimbia. Akaachiwa. Akakimbia koridoni kwenda na kurudi, na Adventina akafumba macho, akasikiliza tu.

Hatua zikasimama.

"Mama," akasema Recho huko koridoni, kwa furaha. "Kumbe na wewe umepona."

Adventina akafumbua macho. Alikuwa kwenye kiti. Mezani, kwenye kioo, kulikuwa na mandhari aliyoichora: barabara, majani, mbingu. Hakukuwa na mtu.

Harufu ya nyonyo ikajaa.

"Recho," akaita. "Njoo huku. Recho, njoo kwangu."

Koridoni hatua zikaanza tena. Zilikuwa za watu wawili. Za mtoto, nyepesi. Na nyuma yake za mtu mzima, nzito kidogo upande wa kulia.

Mlango wa mbele ukafunguka.

Alipiga kelele. Alijiangusha kutoka kitini, akajivuta hadi mlangoni akipiga kelele, mpaka Stellamaris akatokea getini na mfuko wa vitunguu mkononi. Alisimama akamtazama aliyelala sakafuni. Akageuka kutazama barabara alikotoka. Akamtazama tena.

"Mama Recho," akasema polepole. "Si nimepishana nawe sasa hivi, hapo kwenye kona? Na mtoto?"

Adventina akatikisa kichwa.

"Nikakusalimia, hukuitikia. Nikajua ndiyo maringo yenu ya Kihaya." Mfuko ulimlegea Stellamaris, vitunguu vinadondoka kimoja kimoja. "Ulijifunika kanga gubigubi. Mtoto amekushika pindo. Nikasema moyoni, huyu mbona hamshiki mwanawe mkono... Sikuiona mikono yako."

Nje jua lilikuwa limeshuka, na barabara haikuwa na mtu hadi inapokunja.

Mikono Adventina alikuwa nayo bado. Akaitanguliza juu ya kizingiti, akaanza kujivuta.