Humu Hatuenei

Ilikuwa asubuhi ya kawaida kabisa, ukiondoa kwamba mtoto alikuwa anapasuliwa kichwa.

Mama mdogo wake, fundi cherehani mwenye mdomo usiotulia, alikuwa amefunga kibanda chake cha kushonea na kuhamia kwa dada yake tangu madaktari walipouona uvimbe kwenye ubongo wa mtoto. Alipika, akafua, akapeleka chakula wodini, akamtania shemeji yake hata pale shemeji alipokuwa hataniki. Siku ya upasuaji mtu na mkewe walikwenda kusubiri hospitali, yeye akabaki kuandaa chumba cha mgonjwa.

"Na msinipigie simu za kulia," aliwaambia wakiwa wanatoka. "Nipigieni mnacheka."

Walipofunga mlango, akalia yeye.

Mtoto mwenyewe walimwita Chiriku, maana alikuwa hanyamazi, hata akiwa na chakula mdomoni. Akirudi kutoka shule alikuwa na mchezo wake. Nyumba ni yao, mlango uko wazi, lakini yeye atasimama nje aimbe, "Hodiii! Wenyewe mpo?" Asipoitikiwa haingii, jua limchome, mvua imnyeshee, shauri yenu. Aliyemfundisha mchezo huo ni mama mdogo, na jibu lake lilikuwa moja siku zote: "Karibu mgeni, pita ndani!"

Basi mchana ule mama mdogo alikuwa bafuni anafua mashuka, povu limemfika kwenye viwiko, mawazo yote yako hospitali. Akasikia mlangoni.

"Hodi."

Haikuimbwa. Ilikuwa fupi, kavu. Lakini mdomo ni mdomo, na wake ulikuwa umezoea. "Karibu mgeni, pita ndani!"

Mlango ulilia. Nyayo zikapita ukumbini, taratibu, zikaingia chumba cha Chiriku. Mama mdogo akajifuta mikono kwenye kanga, akaenda kumwona mgeni. Chumbani hapakuwa na mtu. Kitanda alichokuwa amekitandika mwenyewe, akakinyoosha mpaka kikanyooka, kilikuwa kimebonyea katikati.

Simu ikaita. Ni shemeji, anacheka na kulia kwa pamoja. "Yuko hai! Moyo ulimsimama, shemeji. Kichwa kikiwa wazi, moyo ukasimama. Halafu ukarudi wenyewe tu, hata daktari kashangaa."

"Lini?"

"Sasa hivi! Mchana huu huu!"

Alishukuru, akashukuru tena. Kisha akakinyoosha kile kitanda upya.

Mtoto akarudi nyumbani na kichwa kilichofungwa bandeji, nywele zote zimenyolewa. Ilibidi afundishwe upya kushika kijiko, kufunga vifungo, kutembea kwa kushika ukuta. Mama mdogo alikuwa naye bega kwa bega. Alimnyoosha vidole kimoja kimoja, akamhesabia hatua, akamchekesha. Mtoto hakucheka. Alikuwa anaangalia tu, kimya, macho hayapepesi.

"Msimshangae," daktari alisema. "Ubongo umeguswa. Atarudi polepole. Ila mchungeni sana na degedege. Akipata kali, hatutaweza kumwokoa."

Siku moja mama mdogo alikuwa anamnywesha supu. Mtoto akameza, akafuta mdomo, akanong'ona.

"Ulinikaribisha vizuri."

"Nini, mwanangu?"

"Kwingine hawaitiki. Wewe ukaitika."

Kijiko kilimponyoka. Alijiambia ni dawa hizo, zinamfanya mtoto aropoke. Alijiambia hivyo huku anaokota kijiko, na alipofika jikoni akajiambia tena.

Halafu, mchana mwingine, jua kali, watu wamepumzika. Mama mdogo alikuwa ukumbini anamkunja na kumkunjua mtoto goti, kama walivyoelekezwa. Mlango umefungwa. Na nje ya mlango, kwa sauti anayoijua kuliko sauti yake mwenyewe, mtu akaimba.

"Hodiii! Wenyewe mpo?"

Chiriku alikuwa mbele yake, goti liko mkononi mwake. Na Chiriku alikuwa nje.

"Hodiii! Mama mdogo! Miguu inaungua!"

Mtoto wa ndani alimshika kifundo cha mkono. Vidole vile vilivyokuwa haviwezi kushika kijiko vilibana mpaka mfupa ukauma.

"Usiitike," alinong'ona. "Humu hatuenei."

Nje, mtoto alikuwa ameanza kulia, kile kilio cha kwikwi cha mtu aliyesahauliwa shuleni. Moyo ulimkatika mama mdogo. Huyu ni mwanangu, alijisemea. Huyu wa nje. Nimemfungia mwanangu nje, nikamkaribisha nisiyemjua. Akapiga moyo konde, akafungua mdomo.

"Ka..."

Goti lilitikisika mkononi. Kisha mguu. Kisha mwili mzima. Macho ya mtoto yaligeuka yakabaki meupe, povu likamtoka. Mama mdogo alikuwa bado hajamaliza neno. Mkono ukamziba mdomo kwa nyuma, kwa nguvu, ukamrudisha kichwa.

"Nyamaza!" Alikuwa dada yake. "Nyamaza, nakuomba. Usilimalize!"

Akanyamaza. Mtoto akatulia taratibu. Akapumua. Nje nako kukawa kimya.

Walikaa chini wote wawili, wamemlaza mtoto katikati yao kwa ubavu.

"Dada. Umemsikia?"

"Toka tuliporudi. Huja mchana, wewe ukiwa sokoni."

"Na ukanyamaza?"

"Niliitika!" Dada aliongea kwa kunong'ona, lakini uso wake ulikuwa unapiga mayowe. "Siku ya kwanza tu niliitika. Nikasema karibu, huyu akazimika mikononi mwangu, akawa wa buluu. Na yule nje akaacha kuimba, akawa anahangaika kupumua, namsikia. Wote wawili, mdogo wangu. Wanakufa pamoja. Mwili ni mmoja."

"Sasa huyu ni nani?"

"Sijui. Anakula. Anapona. Jana kaniita mama." Alimpangusa mtoto povu kwa ncha ya kanga. "Wewe niambie, basi. Nimfungulie yule, niwazike wote?"

Mama mdogo alitaka kusema mimi ndiye niliyemkaribisha, dada, ni mimi, lakini akaliona jicho la mtoto limefunguka, linamtazama, linasubiri aseme.

Tangu hapo nyumba ile haikuitika hodi. Majirani walisema kupona kwa mtoto kumewatia kiburi. Redio ilifunguliwa mchana kutwa, juu kabisa. Mtoto akanenepa, akaanza kukimbia, nywele zikaota. Daktari aliwapa wazazi mkono, akasema ni ajabu. Na nje wimbo ukafifia. Ukawa "Hodi" tupu. Ukawa kukwaruza chini ya mlango. Kisha wakawa hawasikii kitu, na hilo ndilo lililowakosesha usingizi zaidi.

Shemeji, asiyejua lolote maskini, akaamua ndugu waje wafurahie. Akanunua rangi, akapaka mlango wa mbele. Alasiri hiyo mama mdogo alikuwa amempakata mtoto ukumbini, kamkumbatia asitoke, rangi ilikuwa mbichi. Hakuna aliyepita. Shemeji alipoufungua mlango, akafoka.

"Nani kashika rangi yangu?"

Upande wa nje, usawa wa kifua cha mtoto, kulikuwa na kiganja. Kidogo. Vidole vitano, vimeburuzwa kwenda chini, taratibu, mpaka kizingitini.

"Watoto wa mtaani hawa," shemeji alisema, akaenda kutafuta brashi.

Dada alitoka nje. Alipiga magoti. Aliweka kiganja chake juu ya kile kidogo, akaegemeza shavu mlangoni, rangi ikamjaa usoni, akakaa hivyo mabega yanamtikisika bila sauti. Mama mdogo alimsikia akinong'ona kwenye mbao.

"Nisamehe, Chiriku wangu. Nenda. Nenda, mama."

Mumewe aliporudi na brashi, dada aliichukua yeye mwenyewe. Akapaka.

Rangi ilikauka vizuri, na ndugu wakausifu mlango. Lakini kila anayeshika sehemu ile huondoa mkono haraka. Pana joto, mchana na usiku, joto la mtu.