Mawese Yasiyoganda

Maji ya kunywa yaliganda kwanza. Kisha zikafuata chapati, zikawa ngumu kama vigae. Mawese peke yake, kwenye bidoni ya lita tano nyuma ya kiti cha Shangazi Mwanahamisi, yalikuwa yakicheza kila gari lilipokata kona, mepesi kama chai.

Warda aliyasikia akakunja uso. Kwao Rumonge, mji wa joto kando ya ziwa, asubuhi ya baridi ya mwezi wa saba inatosha kuyagandisha mawese chupani. Hapa kaskazini mwa Uswidi, kipimo cha gari kilisema nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri.

Walikuwa wakienda Narvik, ng'ambo ya mpaka wa Norwei, kumwona mtoto wa Hakimu, mdogo wake Warda. Mtoto alikuwa na siku tisa. Warda alifanya usafi katika nyumba ya wazee mjini Luleå, na mshahara wake haukuwa wa kupanda ndege, kwa hiyo aliazima gari la Benedicte, mwenzake wa kazini, kuukuu, lenye hita iliyopuliza upande mmoja tu. Chakula walibeba wenyewe. Shangazi, aliyefika kutoka Rumonge wiki mbili nyuma, alikuwa amevaa makoti mawili, na chapati yake ameikalia ili ilegee.

"Shangazi, hii mafuta mbona haigandi?"

"Ni ya kwetu, iko na nguvu." Shangazi alivuta bidoni, akachovya chapati, akala. "Ni ya Kaoutar. Muzazi anakula mawese, na mutoto anapakwa."

Kaoutar ndiye mke wa Hakimu.

Harufu ilianza walipopita Gällivare. Mwanzoni Warda alidhani ni soksi za shangazi yake, akaona haya kusema. Lakini haikuwa ya miguu. Ilikuwa ya nywele mbichi zilizofungwa kilemba siku nyingi, na chini yake utumbo wa samaki uliosahauliwa juani. Alifungua dirisha. Baridi ikamchoma masikio, misonobari yenye theluji ikapita, na harufu ikabaki palepale, nzito, imemkalia ulimini.

Saa nane mchana giza likaingia, kama inavyokuwa huko mwezi wa kwanza. Shangazi alisinzia. Ndipo Warda akasikia mtu analamba. Alidhani ni shangazi anajilamba vidole. Akamtazama, mikono ilikuwa ndani ya glavu na mdomo umefumbwa. Sauti ya kulamba ilitoka nyuma, taratibu, kwa raha, kama ng'ombe anayemlamba ndama, na Warda alipoinua macho kwenye kioo hakuona mtu, aliona bidoni tu imefunguka kifuniko, na mawese yakipanda shingoni na kushuka, yakipanda na kushuka, kama koo la mtu anayemeza.

"Tumefika kwa mutoto?" Shangazi aliuliza. Macho yake yalikuwa bado yamefumbwa.

"Bado," Warda alinong'ona.

"Fanya haraka. Nina njaa." Haikuwa sauti yake. Ilikuwa na majimaji ndani, na kila neno lilipotoka, povu la rangi ya mawese lilimtiririka kidevuni, na Warda, ambaye amefuta matapishi ya wazee miaka sita bila kuziba pua, aliziba pua kwa glavu.

Akasimamisha gari pembeni, taa zikimulika ziwa refu lililoganda. Akamtikisa. "Shangazi! Amka! Hii mawese uliitoa wapi?"

Shangazi akafumbua macho, akaonja mdomo wake mwenyewe, akaanza kulia kimyakimya.

"Kigwena, kando ya ziwa," alisema. "Karibu na pori. Kulikuwa chungu chini ya muchikichi, na kitambaa cheupe. Watu walimuwekea... unajua nani, yule wa ziwani. Nilisema, mafuta mazuri hivi yataharibika bure. Nikamimina. Nikirudi, chungu kimejaa tena."

"Na wewe ukachota tena?"

"Nilitaka kuletea mutoto kitu, Warda. Sikuwa na kingine cha kuleta."

Warda alimpigia Mwalimu Radjabu wa Gatete, kule kwao, mzee anayesomea watu wenye majini. Simu ikaita muda mrefu.

"Usimwage chini," Radjabu alisema alipokwisha kusikia. "Huyo ni wa ndani ya maji. Mumurudishe ndani ya maji. Na aliyekula, atoe. Weka simu kwa sikio lake."

Radjabu akasoma. Shangazi akakakamaa, akajipinda nje ya mlango, akatapika kwenye theluji mawese ya moto yenye mvuke, na ndani yake magamba, na yakaisha lakini koo likaendelea kukohoa, mpaka Warda akaona ncha ya unywele imening'inia mdomoni. Akavua glavu. Akaushika, ukamteleza, akauzungusha kidoleni na kuvuta, na ukaja, na mwingine ukaja nao, kitita kizima kirefu cheusi kilicholowa, kimoto, kikitoka huku shangazi yake akimkodolea macho, na Warda akivuta na kutapika yeye mwenyewe, akivuta na kutapika, hadi ncha ya mwisho ikatoka na kujikunja kiganjani mwake kama inayotafuta pa kuingia.

Palikuwa na tundu ambalo wavuvi walilitoboa kwenye barafu ya ziwa, hatua chache kutoka ukingoni. Warda alivunja utando wa barafu kwa kisigino, akatupa nywele, akamimina bidoni. Mafuta hayakuelea. Yalizama yote, mstari mmoja mwekundu, yakinyonywa kutoka chini.

Harufu ikakatika. Shangazi alikaa garini akitetemeka, mtu mzee aliyechoka, akiomba radhi kila kilomita mpaka mpakani.

Narvik waliingia saa mbili usiku. Hakimu aliwakumbatia mlangoni. Kaoutar akawakalisha jikoni, akawamiminia chai.

"Tumekuja mikono mitupu," Shangazi alisema, akitazama chini.

"Wee, Shangazi! Na ile mawese uliyotuma na yule musafiri, mwezi wa kumi?" Kaoutar alicheka. "Daktari anasema nimepata mutoto mwenye nguvu kwa sababu nilikula vizuri. Nililamba mpaka chini ya chupa."

Warda alimgeukia shangazi yake. Shangazi alikuwa amerudisha mikono ndani ya kanga.

"Mushike basi," Kaoutar alisema, akimsogezea mtoto.

Shangazi hakunyoosha mkono. Mtoto akajinyoosha, akapiga mwayo mpana, na juu ya ulimi wake mdogo ulikuwa umelala unywele mmoja mweusi, mrefu, unaoelekea kooni.