Pasi ya Asmah na Kiyoyozi cha Mama Vasta

Kila asubuhi Naimah alifagia yadi ya baba yake pale Kasese. Malori yaliyokuwa yakielekea mpakani yalipumzika hapo, na madereva wake walikuwa hodari wa kutupa maganda ya ndizi mahali alipokwisha kufagia. Naimah aliwakaripia, wao wakacheka, naye akafagia tena. Baba yake, Hajji Siraje, alisema binti huyo angefaa kuwa askari wa barabarani.

Jumamosi moja, katikati ya malori, Naimah alikuta gari ambalo hakuwahi kuona mfano wake. Kwa nje lilikuwa kama basi dogo. Ndani mlikuwa na kitanda, jiko, friji ndogo na mapazia ya maua. Ilikuwa nyumba kamili, ila ilikuwa na magurudumu!

Mwenye gari alikuwa Mzee Danieri, dereva mstaafu na rafiki wa zamani wa Hajji. Alikuwa anampeleka mkewe, Mama Vasta, kwao Bwera. Mama huyo alikuwa ameugua moyo kwa muda mrefu, na sasa alikuwa amepata nafuu. Kesho yake ndugu zake walikuwa wamepanga ibada ya shukrani. Daktari alimruhusu kusafiri kwa sharti moja tu, kwamba asikae kwenye joto kali. Ndiyo maana Mzee alifunga kiyoyozi juu ya paa la gari.

"Ingia, mwanangu, upate baridi kidogo," Mama Vasta alimwita.

Naimah, ambaye joto la Kasese alilizoea tangu kuzaliwa, aliketi kando ya kitanda akafumba macho kwa raha. Mama alimkatia kipande cha mkate.

"Nikiwa hospitali niliomba kitu moja," Mama alisema. "Niliomba nione tena dada zangu wakicheza. Kesho nitawaona. Hiyo asante yote sijui nitaitoa na nini."

Nje, Mzee Danieri alikuwa anavuta waya mnene kutoka garini hadi kwenye soketi ya barazani. Alimwonyesha Naimah mabamba ya sola juu ya paa.

"Taa na friji inatumia betri, na betri inakula jua," alieleza. "Gari ikitembea, upepo inatosha, lakini ikisimama tunataka hii kiyoyozi, na iko na njaa sana. Betri haiwezi kuishibisha. Inataka umeme ya kwenu, na inataka kula peke yake. Usiache mutu achomeke kitu ingine hapa. Umesikia?"

"Nimesikia, Mzee."

Haukupita muda, umeme ukakatika mtaa mzima. Walifungua madirisha ya gari, na Naimah akampepea Mama Vasta kwa kifuniko cha boksi mpaka mikono ikamuuma. Umeme uliporudi, mtaa mzima ulishangilia. Wazee wawili walimwacha mama amelala penye baridi, madirisha yamefungwa, wakaenda sokoni kununua mchele wa kupeleka Bwera.

Sasa, anayeujua mtaa ule anajua pia kwamba umeme ukirudi hakuna anayetembea. Watu wote hukimbia, huyu na simu, yule na redio, kwa maana hakuna ajuaye utakaa kwa muda gani. Nyumba yenye soketi haiwafungii majirani mlango. Kumnyima mtu umeme ni kama kumnyima maji ya kunywa.

Wa kwanza kufika alikuwa Asmah, rafiki yake Naimah, akihema, pasi mkono mmoja na gauni mkono wa pili.

"Naimah, fanya haraka! Harusi ya shangazi iko leo, na gauni imekunjamana yote!"

"Mzee alikataza. Kiyoyozi inataka peke yake."

"Ni gauni moja tu! Dakika kidogo!"

Naimah alitazama gari, akatazama uso wa rafiki yake. Hakuwahi kumnyima jirani. Akaichomeka pasi kwenye soketi ya pili.

Ta! Kukawa kimya. Mngurumo wa kiyoyozi ulikoma.

"Stima imeenda tena," Asmah alisema.

Lakini ng'ambo ya barabara kinu cha kusagia unga kilikuwa bado kinanguruma. Umeme ulikuwapo. Kilichokatika ni njia yao peke yao. Naimah alilitazama boksi la umeme, juu ya mlango, ambalo baba yake alimkataza kabisa kuligusa. Alichomoa pasi, akamrudishia Asmah, akaketi kwenye ngazi akijifanya anachagua maharagwe.

Wazee waliporudi, Mzee Danieri aliingia garini, akatoka upesi akiwa amejishika kichwa.

"Kiyoyozi imekufa!" alisema. "Umeme iko, kinu hiyo inasaga, lakini yenyewe kimya. Vasta jasho inamtoka. Hajji, siwezi kumpeleka Bwera hivi. Tunarudi hospitali Mbarara."

Mama Vasta hakubisha. Kutoka kitandani alisema kwa sauti ndogo, "Wapigie dada zangu. Waambie wasichinje mbuzi."

Maneno hayo yalimchoma Naimah kuliko kiboko. Maharagwe yalimwagika. Alisimama mbele ya baba yake.

"Baba, kiyoyozi haijakufa. Umeme imekatika kwetu peke yetu. Ni mimi. Nilichomeka pasi ya Asmah, ikakata, nikanyamaza."

Hajji alimkazia macho, na Naimah akaona hasira yake. Hajji alivuta kiti, akapanda, akainua kwa kidole swichi iliyokuwa imeshuka kwenye boksi la umeme. Kiyoyozi kilikohoa, kikatulia, kisha kikaanza kunguruma. Naimah alilia kwa furaha na aibu kwa pamoja.

Mzee Danieri alilisogeza gari kwenye kivuli cha ghala na kufunga mapazia, ili kiyoyozi kisihangaike na jua. Jioni Mama Vasta alikuwa ameketi, anakunywa chai na kutania watu. Asmah naye alinyoosha gauni lake kwa pasi ya makaa ya jirani, akaenda harusini maridadi kama bibi harusi mwenyewe.

Kesho yake Mama Vasta alisisitiza kwamba Hajji na Naimah wafuatane nao Bwera. Mzee aliunganisha waya kwenye nyumba ya shemeji yake, akamwita Naimah.

"Soketi hii inataka mlinzi," alisema. "Nimekuchagua wewe."

Naimah alidhani anataniwa, lakini Mzee hakuwa akicheka. Basi aliketi hapo na kuwazuia wote waliokuja na simu zao, akiwaelekeza nyumba ya pili. Hata mchungaji alirudishwa, tena kwa heshima zote!

Ibada ilipokwisha, dada zake Mama Vasta walicheza, na yeye akapiga makofi kutoka kwenye mlango wa gari, machozi yakimtiririka. Kisha alimvuta Naimah karibu.

"Wasingya, mwanangu," alimshukuru kwa Lukonzo. "Jana ungenyamaza, leo nisingeona hii."

"Lakini mama, mimi ndiye niliyeharibu."

Hajji aliweka mkono begani mwa binti yake.

"Ndiyo, uliharibu, na usirudie," alisema. "Lakini kumbuka, kosa lako nililitengeneza kwa kidole kimoja. Kunyamaza kwako kungetunyima siku hii nzima, na hakuna swichi ya kuirudisha. Ukikosea, sema mapema, watu wapate kukusaidia. Nashukuru Mungu kwamba ulisema."

Naimah alifuta macho. Kisha akaona kijana mmoja anainyemelea soketi na chaja mkononi.

"Wewe!" alipaza sauti, akakimbilia kazini kwake.