Ua Ambalo Nesi Hakuligawa

Nilikwenda kurudisha mkasi tu.

Naomba mnielewe hapo kabla sijaendelea. Sikutoka nyumbani na nia ya wizi. Ilikuwa Jumamosi jioni, jua limeshazama nyuma ya mapaa lakini mwanga bado upo, ule mwanga wa kijivu unaokuonyesha mtu bila kukuonyesha ni nani. Mkononi nilikuwa na mkasi wa kupogolea maua, mali ya Nesi, jirani yangu wa nyumba ya tatu. Aliniazima asubuhi hiyo kwenye mkutano wa kikundi chetu cha bustani, baada ya kuona wangu umekuwa butu.

Kikundi chenyewe si kikubwa. Tuko saba: wanawake sita na Mwalimu mstaafu, ambaye ndiye mwenye uwanja. Kila mwaka kiangazi kikianza, maua ya kwanza yakifunguka, tunakutana kwake na makopo, ndoo na mifuko ya udongo. Huyu katoa mche wa yasmini, yule kaondoka na mizizi ya yungiyungi. Tunasifiana, tunataniana, tunadanganyana kidogo kuhusu mbolea. Mimi ni mshonaji, kutwa nimeinamia cherehani, nikiwashonea wengine nguo za sherehe zao. Ile ndiyo ilikuwa siku yangu. Kwa miaka minne mfululizo waridi langu jekundu lilizungumzwa mpaka watu wanafika makwao.

Kisha Nesi akahamia mtaani.

Mwanamke mpole, mjane, kazi yake hospitalini, anaishi peke yake. Hakuwa na kosa lolote kwangu, na hilo hasa ndilo lililoniudhi. Kando ya mlango wake wa jikoni alikuwa na ua kwenye kopo kuukuu la bati. Zambarau nzito, karibu na weusi, kingo nyeupe kama kucha. Lilifunguka wiki mbili kabla ya ua la mtu mwingine yeyote. Hakuna aliyejua jina lake, hata Mwalimu, ambaye kitu asichokijua hukibatiza papo hapo.

"Fundi," Mwalimu aliniambia asubuhi ile mbele ya wote, "mwaka huu taji limehama nyumba. Waridi lako sasa tulitumie kufukuzia nzi."

Wakacheka. Mdogo wangu wa kike, msusi, naye mwanakikundi, alicheka mpaka mtoto aliyembeba mgongoni akashtuka. Nilicheka kuliko wote. Halafu nikamgeukia Nesi.

"Jirani, nikatie kijiti kimoja basi."

"Hilo siligawi."

"Hata kimoja?"

"Chukua lolote jingine. Chukua yote ukitaka. Hilo, hapana."

Alisema kwa upole, macho chini. Lakini watu walisikia. Mchana kutwa nilishona upindo wa gauni la bibi harusi, nikaushona upande upande, nikaufumua, nikaushona tena. Nilikuwa na ladha mdomoni kama niliyeng'ata sindano. Choyo gani hiki? Kijiti tu!

Ndiyo maana nilipofika kwake jioni na kukuta geti halijafungwa, sikurudi.

"Hodi."

Nikaingia uani.

"Hodi, Nesi. Nimeleta mkasi."

Taa haijawashwa. Pazia la jikoni limetulia. Na lile ua... lilikuwa pale, hatua mbili kutoka kwangu, limefunguka lote wakati maua mengine yanajikunja kulala. Niliinama. Harufu yake haikuwa harufu ya ua. Ilikuwa ya joto, ya karibu sana, kama shingo ya mtu aliyelala.

Mkasi ulikuwa mkononi.

Kacha.

Na hapo nikasikia. *Haaa...* Polepole, kutoka kwenye kile kikopo. Kama mtu aliyevuliwa kiatu kilichokuwa kinambana.

Nikautupa mkasi kwenye ngazi na kutimua mbio, kijiti kimefichwa ndani ya kanga.

"Nesi kakupa?" mume wangu aliuliza. Yeye ni fundi saa, mtu wa macho makali na utani mwingi.

"Kanipa."

"Ulisema mchoyo."

"Kabadilisha mawazo."

Nilikipanda kwenye chungu chini ya dirisha la chumba cha kushonea. Asubuhi kilikuwa na majani matatu. Siku ya tatu, tumba. Siku ya tano lilifunguka, nami nikasimama mbele yake na kikombe cha chai mpaka chai ikapoa. Lilikuwa zuri kuliko la Nesi. Niliapa moyoni kwamba ni zuri kuliko la Nesi.

Siku ya sita waridi langu jekundu lilikufa. Si kunyauka... kufa. Shina jeusi mpaka chini. Kisha yasmini. Kisha mchaichai, ambao hata ukiukanyaga hauogopi. Ukitazama kutoka dirishani uliona duara, kama mtu amelichora, na katikati ya duara ni lile ua peke yake.

Paka wetu akahamia kwa jirani. Niliwaalika wanakikundi waje kuliona, na nilitaka sana waone. Walikuja. Walifika mpaka getini. Hapo mmoja akakumbuka ameacha sufuria jikoni, mwingine akakumbuka mgonjwa, Mwalimu akajipapasa mifukoni akasema amesahau miwani, ilhali ameivaa. Hakuna aliyeingia. Kwa muda nikabaki nimesimama na sinia la vikombe.

Ua lenyewe halikulifuata jua. Nilianza kuligundua hilo nikiwa kwenye cherehani. Jua lilikuwa upande wa mashariki, na ua limeelekea dirishani. Kwangu. Nilihamishia cherehani ukuta wa pili. Mchana wake lilikuwa limeelekea huko.

"Mke wangu," mume wangu alisema, "mwenzio ananitazama vibaya."

Tulicheka. Na tulipocheka ikasikika nje sauti ya majani yakisuguana, na upepo haukuwepo.

Baada ya hapo akaanza kukohoa. Akiwa kwenye kibanda chake cha saa, mzima wa afya. Akivuka kizingiti cha nyumba, kifua kinabana. Alikunywa dawa, akachemshiwa tangawizi, akapimwa, wakasema hana kitu. Niliona kilichokuwa kinatokea. Siwezi kusema sikuona. Lakini nilijiambia kiangazi kina vumbi, na nikaendelea kulimwagilia maji.

Mpaka ile Alhamisi. Ilikuwa saa kumi alasiri, nimeinama kwenye cherehani. Alirudi mapema, akanijia kwa nyuma akaniwekea mikono mabegani kama alivyozoea, akaanza kusema kitu. Harufu ikaingia dirishani... nzito... ile ya shingo ya mtu.

Maneno yake yakakatika.

Nilipogeuka alikuwa amepiga magoti, uso umekuwa rangi ya majivu, mkono unakwangua kola. Hakuweza kuvuta pumzi. Nilimshika makwapani nikamburuta, na Mungu anajua nilipata wapi nguvu hizo, kupitia sebuleni, kupitia uani, mpaka nje ya geti. Barabarani pumzi ikarudi. Alilala pale kwenye vumbi akihema na kulia.

Jioni hiyo hiyo nilimpeleka kwa mama yake. Niliporudi, Nesi alikuwa amesimama nje ya geti langu. Hakuingia.

"Anapumua?" alinong'ona.

"Anapumua." Nikamtazama. Alikuwa amenenepa uso kidogo, ametulia. Kama mtu aliyelala usingizi wa kutosha. "Lako liko wapi?"

"Lilikauka siku ile ile ulipolikata."

"Kwa hiyo ulijua ni mimi."

"Nilikuwa nyuma ya pazia, jirani."

Nikajishikilia getini.

"Uliniona? Ukanyamaza?"

Mwanga ulikuwa unafifia na sikuuona uso wake vizuri tena.

"Miaka tisa," alisema. "Miaka tisa nimewakatalia watu wanaoliomba. Siku ile nilifungua mdomo nikuite. Sauti haikutoka. Nisamehe."

Alinieleza kwa kunong'ona, akitazama nyuma ya bega langu kila mara, kule dirishani. Alipewa ua lile siku ya harusi yake na mwanamke aliyeachwa na mume wake. Mtalaka huyo alikuja amevaa vizuri, akacheka na wageni, akamkabidhi kopo la bati. Kisha akamsogelea sikioni akamwambia: "Hili litakupenda kuliko yeye atakavyokupenda." Mume alikufa mwezi wa tatu wa ndoa, kwa kifua. Mama yake Nesi alipokuja kumliwaza alianza kubanwa siku ya pili, wakamwondoa. Dada yake hakumaliza wiki, akakimbia akikohoa.

"Ukalitupa?"

"Mara nne. Nikirudi kazini nalikuta mlangoni."

"Ukalichoma?"

Alipandisha mkono wa gauni. Kovu lilikuwa limetanda kutoka kwenye kiwiko mpaka kiganjani.

"Niliungua mimi."

"Ungempa mtu."

"Ukimpa mtu linamwozea mkononi. Halitaki kupewa. Linataka mtu alitamani mpaka ashindwe kulala. Mpaka aibe."

"Yule mwanamke alikuwa mchawi?"

"Sijui," alisema Nesi. "Nimejiuliza sana. Nilimchukua mume wake, labda alinifanyia kusudi. Lakini kama kunipa kungekuwa kunipa tu, lingeoza. Siku ile, nilipoliona mikononi mwake, nilimwonea wivu. Sijawahi kumwambia mtu. Nilimnyang'anya kabla hajamaliza kuninyooshea."

Aliniambia pole. Akageuka kwenda, akasimama, na akasema neno jingine kwa sauti ndogo sana, nadhani hakutaka nilisikie.

"Asante."

Wiki iliyofuata dada yake alikuja kumhamisha. Niliwasikia wakicheka barabarani wakipakia vitanda.

Nikabaki mimi. Na nililiona la kufanya, ni jambo rahisi. Nilikisogeza chungu mpaka kwenye ukuta mfupi wa barabarani. Kila aliyepita akasimama. Kila aliyeomba nikamkatalia, tena kwa maneno makavu, ya kuchoma. Mume wangu alikuwa anapiga simu kila jioni: amepona, anakula, arudi lini? Nikamwambia karibuni. Nilisubiri mwizi kama mtu anavyosubiri mgeni.

Mdogo wangu aliliomba mara tatu. Tangu utotoni alitaka nilicho nacho. Nikivaa utepe, analia mpaka avalishwe utepe. Mara ya tatu nilimwambia mikono yake ni ya kusuka nywele, si ya kushika maua. Aliondoka bila kuaga.

Siku mbili baadaye, jua likizama, nilikuwa dirishani nikiwa sijawasha taa. Nikaona mkono umepanda juu ya ukuta.

Nikaujua. Ulikuwa na mafuta ya nywele mpaka kwenye kifundo, hata hakuwa amenawa. Nyuma ya bega lake, kichwa kidogo kimeegemea, kimelala. Miezi mitano.

Vidole vikalishika shina.

Nilichotakiwa kufanya ni kunyamaza. Kunyamaza tu. Pumzi mbili, tatu, na mume wangu angekuwa kitandani kwake wiki hiyo.

Ua likageuka kunitazama.

"Toa mkono!" nilipiga kelele, nikatoka mbio bila viatu. "Toa mkono wako, mwizi wewe! Ni langu!"

Aliruka nyuma. Mtoto akaanza kulia.

"Dada... ua tu?"

"Ondoka! Nikikuona tena hapa nitakuitia watu!"

Mambo niliyomwambia siwezi kuyarudia. Yalitosha. Hajakanyaga kwangu tangu siku hiyo, na amewaambia wote, mpaka mama yetu, jinsi nilivyo mchoyo. Sikumweleza sababu. Ningemwelezaje?

Nataka kusema nilipiga kelele kwa ajili ya yule mtoto. Najitahidi kukumbuka hivyo. Nilimwona, nilijua yeye ndiye angekuwa wa kwanza, nikamwokoa. Lakini neno lililonitoka halikuwa "mtoto". Na kabla hata sijamwona mtoto, vile vidole vilipoligusa shina tu, kifua changu kilikuwa kimeshawaka moto.

Nimekirudisha chungu chini ya dirisha. Huko barabarani vumbi lilikuwa linalichafua.

Mume wangu alipiga simu jana. Nikamwambia asubiri kidogo. Akauliza mpaka lini. Nilikuwa nalipangusa majani, moja moja, kwa kitambaa laini, nikasahau kumjibu.