Utando Ndani ya Mtungi wa Thuo

Thuo wa Kimumu hakuwa na shamba kubwa. Hakuwa na gari, hakuwa na friji, wala mtu wa kumsaidia kukata nyasi. Siku hizi hata usingizi hakuwa nao. Alichokuwa nacho ni mke wake Wamucii, ng'ombe mmoja wa gredi, na mteja mmoja: Mama Saida, mwenye hoteli ya chai kule mjini, mtaa wa West Indies. Na mteja huyo sasa alikuwa anamponyoka.

Asubuhi hiyo Saida alipiga simu.

"Mzee Thuo, maziwa yako yamekatika tena! Nimeyaweka motoni yakawa mabonge. Wateja wamekaa, chai hakuna. Wallahi, siyataki tena. Na usinipigie simu!"

Thuo alichanganyikiwa. Maziwa yalitoka nyumbani yakiwa matamu. Alikuwa amebadilisha chakula cha ng'ombe. Alikuwa amemwita daktari wa mifugo, akaambiwa kiwele ni kizima. Hata alimwambia Wamucii avue pete akikamua, isije ikawa inaficha uchafu.

"Leo utasema ni nini?" Wamucii aliuliza. "Pete nimevua. Unataka nivue na meno?"

"Mimi sijui! Mtungi naosha mwenyewe. Natia maji yanayochemka, natia kokoto, natikisa mpaka mabega yanauma. Nani hapa Kimumu anaosha mtungi kunishinda?"

Wamucii alichukua simu. Alimwita Jeruto, afisa wa maziwa wa chama cha ushirika. Jeruto alichungulia mdomo mwembamba wa ule mtungi wa plastiki. Akanusa. Kisha akaomba kisu.

"Unakata mtungi wangu?" Thuo alipiga kelele.

"Nakuonyesha wageni wako, Mzee."

Aliupasua katikati. Plastiki ya ndani ilijaa mikwaruzo. Juu yake palikuwa na utando wa manjano, unaoteleza kama mlenda.

"Hawa ni bakteria," Jeruto alisema. "Mmoja peke yake hana nguvu. Lakini akijishikiza mahali, huzaana. Kila mmoja hutoa kemikali kidogo. Kemikali ikizidi, wanajua wamekuwa wengi, na hapo hubadilisha tabia. Hutoa ute unaowafunika wote, kama paa moja. Ndani huacha vijia vya kupitisha maji na chakula. Ukimwaga dawa, wa juu wanakufa, wa chini wanabaki. Wengine hutoka na kuingia kwenye maziwa mapya."

Thuo alikuna kichwa. "Nani huwaamuru? Wana mwenyekiti?"

"Hawana."

"Bila mwenyekiti wanaelewana? Na sisi kwenye chama cha maji tuna wenyeviti wawili, na bomba ni kavu!"

Jeruto alicheka mpaka akashika ukuta.

"Na kokoto zangu je?"

"Ndizo zilizowachimbia nyumba, Mzee. Wakiingia kwenye mikwaruzo, hakuna brashi itakayowafikia. Nayo maji yanayochemka, ukiyatia kwanza, huyapika maziwa yaliyobaki. Yanashika kama ukoko wa ugali."

Thuo alikaa chini. "Yaani wakati wote huo nilikuwa nawajengea?"

"Kwa mabega yako yote," Wamucii alisema.

Walinunua mkebe wa alumini wenye mdomo mpana, ambao mkono unaingia. Jeruto aliwafundisha. Maziwa yakishamwagwa tu, suuza kwa maji baridi. Kisha sugua kwa brashi, maji moto na sabuni, hata kifuniko na mpira wake. Suuza kwa maji safi yanayochemka. Mwisho, inamisha mkebe juani ukauke kabisa, kwa sababu bakteria wanapenda unyevu.

Wiki ile, kila asubuhi, Wamucii alichemsha kikombe kimoja kutoka kwenye mkebe. Maziwa yalipanda laini, bila bonge. Jeruto naye aliyapima kwa spiriti, ambayo hugandisha maziwa yaliyoharibika, yakapita.

Lakini Saida hakushika simu. Basi Thuo alichukua kalamu.

"Mama Saida, salamu. Kosa lilikuwa langu, si la ng'ombe. Nilikuwa naosha kwa nguvu, lakini vibaya. Jinsi viumbe wasio na vichwa wanavyoelewana, mpaka leo sijaelewa. Lakini kuwasugua kabla hawajajenga, hilo sasa naliweza. Chemsha maziwa haya mbele ya wateja wako. Yakikatika, wanicheke wote."

Akaikunja barua, akailamba bahasha, akaibana kwa kidole gumba mpaka ikashika. Aliifunga kwenye mkono wa mkebe uliojaa, akamkabidhi Kipkirui wa bodaboda.

"West Indies," alisema. "Na usimwage."