Picha Mbichi za Supu ya Mwanzia

Saa kumi na mbili kasorobo jioni, Munyiva alivuka barabara ya Namanga akiwa na kamera shingoni, akaelekea hoteli ya supu ya Mwanzia pale Kitengela. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo, picha za kubandika ukutani na kurusha mtandaoni. Angeikataa, ila mumewe, Kiilu, alikuwa na miezi minne hagusi chakula cha nyumbani. Kila jioni alikuwa kwa Mwanzia. Kila usiku alirudi akijilamba midomo, na mashavu yamemwingia ndani kama mtu aliyetoka kulazwa. Munyiva alitaka kuona kwa macho yake ni supu gani hiyo inayomshinda mke.

Harufu ilimpokea mlangoni. Matumbo, moshi, mafuta ya jana na ya juzi. Chini ya harufu hiyo kulikuwa na nyingine, ya kitambaa kilichosahauliwa majini mpaka kikaoza. Wateja hawakuonekana kujali. Waliinamia mabakuli yao bila kusemezana, na Kiilu alikuwa miongoni mwao. Hata hakumwinulia mkewe macho.

Mwanzia alikuwa mtu mnene, mpole, wa kunong'ona kama yuko matangani. Alimvuta Munyiva kando.

"Madam, nataka zile picha kamera inatoa zikiwa tayari. Hizo za kuenda kufunguliwa kwa kompyuta, usipige."

Munyiva aliitikia, lakini moyoni alimcheka. Miaka kumi na moja ya kupiga picha, leo afundishwe kazi na muuza vichwa vya mbuzi? Juu ya kaunta iliwaka balbu nyekundu, ile ya kuipamba nyama. Kamera ikiachiwa itengeneze picha yenyewe, ingewatoa watu wekundu kama nyanya, na kila pembe ya giza ingeipaka nyeusi tii. Basi akaiweka itoe zote mbili, iliyo tayari na iliyo mbichi. Picha mbichi haipendezi, imefifia, lakini haitupi kitu. Kila mwanga ulioingia kwenye lenzi umo.

Alipofika nyumbani alifunika chapati mezani, akafungua laptop. Zile zilizo tayari zilikuwa nyekundu, lakini safi ajabu. Supu inang'aa, nyama imenona, na nyuma ya kaunta ni giza tupu. Akafungua zile mbichi. Akaondoa ule wekundu, kisha akaanza kuliinulia giza mwanga.

Kidogo...

Kidogo tena...

Palikuwa na mtu.

Kikongwe, uchi wa mnyama, amechuchumaa kati ya friza na ukuta. Munyiva alikuwa amesimama hatua tatu kutoka pale na hakuona mtu. Picha iliyofuata, shingo ya kikongwe ilikuwa imerefuka mpaka kwenye kaunta. Iliyofuata, ulimi. Ulimi wa kijivu, mrefu, wenye vidonda vyeupe, na ulikuwa umezama ndani ya bakuli. Ute ulining'inia kutoka ulimini hadi kwenye supu. Halafu Mwanzia amelibeba bakuli lile lile. Halafu bakuli liko mbele ya Kiilu, ute unaelea juu ya mafuta, na Kiilu anakunywa huku amefumba macho kwa utamu.

Munyiva alitapika kwenye karai la vyombo. Alitapika mpaka ikabaki nyongo.

Kiilu aliingia saa mbili. Mkewe hakumsalimia. Alimgeuzia laptop, akamsihi asirudi pale tena, waende kanisani aombewe, ikibidi wahamie Kajiado kwa dada yake kesho asubuhi. Kisha akasubiri ashtuke. Alisubiri atapike kama yeye.

Kiilu aliinama karibu na kioo. Aliutazama ule ulimi kwa muda mrefu. Halafu akameza mate.

"Mama Purity," alisema polepole, "siku asipolamba, hiyo supu haina ladha."

Munyiva alimnyooshea kidole yule kikongwe kwenye kioo.

"Baba Purity... ulikuwa unamwona?"

"Sisi wote tunamwona. Ukishaionja, unamwona."

Hakulisema kwa hasira wala kwa aibu. Aliifunga laptop taratibu, kama mtu anayefunika chakula cha mgeni. Kidevu chake kilikuwa bado kimelowa. Munyiva alirudi nyuma, lakini jiko lao ni dogo na mgongo wake ulikutana na ukuta. Kiilu akamshika mashavu kwa upole ambao hakuwa ameuona tangu mwaka jana, akambusu mdomoni. Busu refu, la maji maji. Kisha akaenda kulala.

Munyiva alikimbilia bafuni. Alisugua ulimi kwa mswaki, akausugua kwa sabuni, akasukutua mpaka mtungi mzima wa maji ukaisha. Ladha ile haikutoka.

Na kilichomtia kinyaa kuliko yote aliyoyaona siku hiyo ni kwamba ilikuwa tamu.