Jeneza la Nyavu

MAHAJANGA, MTAA WA TANAMBAO, JUMANNE, BAADA YA ALASIRI

Cherehani haikunyamaza. Mshonaji alikuwa ameambiwa aendelee kukanyaga mpaka wanaume wanne walioko chumba cha nyuma watoke, naye alikanyaga, akishona na kufumua suruali ile ile. Nyuma ya pazia Hassane aliweka ubao wa kukatia nguo juu ya mkeka, akachora kwa chaki.

Ghala. Barabara. Kizuizi cha askari. Msikiti. Ufukwe.

"Fahardine, sema."

Fahardine alikuwa mtu wa kisiwa cha Nosy Be, mwenye boti ya mashine na mdomo usiopumzika. Alisema ameingia kila duka la mji wao, Andoany, kuanzia sokoni mpaka bandarini. Rafu zina rangi ya viatu na mishumaa. Nyavu hakuna. Ndoana hakuna. Mshipi wa nailoni hakuna, wala risasi za kuzamishia. Mwaka ule, 1983, nchi nzima ilikuwa imekauka. Hata sabuni ilipangiwa foleni. Lakini kule kwao Andilana msimu wa kamba ulikuwa karibu kufunguliwa, na kamba wa baharini hawangoji serikali. Wavuvi walikuwa wakifumua magunia ya mchele wapate uzi wa kuzibia nyavu kuukuu. Atakayefika kule na wavu mpya, alisema, ataombwa akubali mke.

"Wewe? Na uso huo?" Youssoufa akamwuliza.

"Wavu hauna uso."

Youssoufa ndiye aliyekuwa na ufunguo. Alifanya kazi ya kupanga mizigo katika ghala la serikali karibu na bandari. Alieleza kwamba nyavu zimekuja, mpya, bado zina harufu ya kiwanda, na mkubwa wa ghala amezificha nyuma ya mifuko ya saruji awagawie rafiki zake. Madukani hazitafika. Saa za joto la mchana ghala hufungwa, mlinzi huenda kwake kula na kulala.

Kuiba kulikuwa rahisi. Njia ndiyo ilikuwa ngumu. Pale kizuizini askari walifungua kila gari, kila mkokoteni, hata vikapu vya akina mama.

Hassane akachora sanduku refu juu ya barabara.

"Hili hawafungui," akasema.

Walilitazama wakalijua. Jeneza lenyewe lilikuwapo, Hassane aliwaambia, limeegemezwa nyuma ya msikiti mdogo ambao watu wake walipanda meli kurudi visiwani kwao baada ya mauaji ya Desemba ile, watu wa kwao walipochinjwa mjini humu, wasirudi tena. Miaka sita lilikaa pale, na mchwa hawakuligusa.

"Hata mchwa wanaogopa," akasema Youssoufa.

Wa nne alikuwa Zoubeir, mpagazi wa soko la Mahabibo. Hakuzitaka nyavu, na wenzake walijua. Kaka yake, Mchangama, alipotea siku ya pili ya mauaji yale, na mtu wa mwisho kuonekana naye alikuwa Hassane. Hassane alisema alimzika kwa mikono yake. Wapi? Atamwonyesha, lakini kwanza kuna kazi ndogo. Kazi ikiisha, kuna nyingine. Mama yao, Bi Echata, alikuwa amekataa kupanda meli. Alisema haondoki mahali asipojua kichwa cha mwanawe kimelazwa wapi.

"Hii ndiyo ya mwisho," Hassane akamwambia. "Nyavu zikipanda boti, nakupeleka alipolala. Wallahi."

"Uliapa zamani."

"Sasa naapa mbele ya watu."

Zoubeir akawatazama wale watu. Fahardine alikuwa akijikuna shingo. Youssoufa alikuwa anafuta chaki.

"Haya," akasema.

BANDARINI, IJUMAA, ADHANA YA KWANZA

Ufunguo uligoma, kisha ukakubali. Ndani kulikuwa na joto la tanuri. Walihamisha saruji bila kuzungumza, vumbi likawaingia puani. Nyavu zilikuwa pale, za kijani, zimekunjwa vizuri kama nguo za bibi arusi. Ndoana kwenye makasha. Mishipi. Vifuko vya risasi.

Walitandaza bafta nyeupe sakafuni. Zoubeir ndiye aliyepanga, kwa sababu mikono yake ilijua mizigo. Nyavu zikawa kifua na miguu, mishipi ikajaza mabega. Risasi akazitawanya zisigongane. Akafunga kwa vipande vya kitambaa: juu, kiunoni, chini. Alipomaliza akarudi nyuma hatua moja.

Kilicholala pale kilikuwa mtu.

"Marehemu wangu mzuri," akasema Fahardine. "Hanuki, hana deni, hana mjane."

"Nyamaza," Hassane akamwambia. Alikuwa amegeuza uso.

Mpango wake ulikuwa kupita Mahabibo wakati wanaume wote wamo msikitini wakisikiliza khutba. Barabara itakuwa tupu. Khatibu wa pale alijulikana kwa maneno marefu; watoto walisema akianza unaweza kupika wali, ukala, ukaosha sufuria. Mzigo waliulaza katika jeneza walilolileta usiku, wakalifunika kwa kitambaa cha kijani, wakaliinua begani, watu wanne, kofia vichwani.

Kizuizini askari mmoja alikuwa amepekua mkokoteni wa mkaa mpaka mkaa wote upo chini. Aliliona jeneza. Mkono wake ulipanda kwenye kofia yake, akaivua. Mwenzake akaondoa mti barabarani, akainamisha macho.

Kando ya Zoubeir, Fahardine alikuwa akinong'ona La ilaha illallah, na hakuwa anafanya mzaha tena.

MAHABIBO, IJUMAA, KHUTBA ISIYO NDEFU

Khatibu aliamka na homa siku hiyo. Aliyepanda mimbari badala yake alikuwa kijana mwenye aibu, akasoma kurasa chache, akashuka. Hassane hakuwa na njia ya kulijua hilo. Walipofika pembeni mwa msikiti, milango ilifunguka na wanaume wakamiminika nje wakitafuta viatu vyao.

Wakaliona jeneza.

Hassane alizaliwa mtaa ule. Alijua, kama wenzake walivyojua, kwamba hakuna Mwislamu wa Mahabibo anayeacha jeneza limpite. Anaweka bega, anabeba hatua chache apate thawabu, anampisha mwingine. Alifanya hesabu ya askari, ya mlinzi, ya joto. Hili hakulitia hesabuni, kwa sababu toka Desemba ile yeye mwenyewe hakuwahi kusimama kwenye maziko ya mtu.

Bega la kwanza liliingia chini ya mti wa mbele. La pili, la tatu. Hatukujua kama mna msiba, wakasema, mbona hamkuita watu, mbona mko wanne tu. Jeneza likapanda juu ya vichwa, likapita mkono kwa mkono, na wezi wanne wakajikuta wanatembea nyuma yake mikono mitupu, kama watu walioibiwa.

"Mmemswalia wapi?" mzee mmoja akauliza.

Hassane akasema nyumbani.

"Nyumbani, Ijumaa, na msikiti uko wazi? Ni nani huyu?"

Hassane alifungua mdomo. Jina lolote lingefaa. Mtu wa mbali, mgeni, baharia. Mdomo wake ulibaki wazi na halikutoka hata moja. Mzee alimtazama, kisha akalitazama jeneza, na nyusi zake zikaanza kukaribiana.

Zoubeir akasikia sauti yake mwenyewe.

"Mchangama. Mwana wa Echata. Amepatikana."

Mzee akashika ndevu zake. Wale waliosikia wakawaambia wasiosikia. Watu wa mtaa ule walikuwa na wengi wasiopatikana. Hakuna aliyeuliza amepatikana wapi. Mtu mmoja alianza kulia huku ameshika kiatu kimoja.

Walimrudisha msikitini, wakamswalia. Watu walijipanga mpaka barabarani. Hassane alisimama safu ya mbele kwa sababu alisukumwa huko. Halafu wakashika njia ya makaburini, na kwenye kila kichochoro wanaume wakaongezeka.

"Mzito," akasema mbebaji mmoja.

"Miaka sita," akajibiwa. "Wewe ungekuwa mwepesi?"

Kwenye kona ya mwisho, mahali ambapo wanawake husimama na kuwaacha wanaume waendelee, alikuwapo Bi Echata. Habari ilikimbia kuliko jeneza. Hakujifunika vizuri, mguu mmoja hauna kiatu. Alikuwa ameshikiliwa na jirani yake, Sitti. Hakupiga kelele. Jeneza lilipompita aliinua mkono, akaugusa ubao wake kwa ncha za vidole. Kisha akamwona Hassane.

"Mwanangu," akamwambia, "Mungu akulipe. Umemrudisha mwenzio."

Hassane aliangalia chini akapita.

MAKABURINI, IJUMAA, JUA LA UTOSI

Shimo halikuwapo, wakalichimba wenyewe kwa zamu, watu wengi, jembe likipita huku na huku. Udongo ulikuwa mwekundu na mlaini. Lilipokuwa tayari wakasema ndugu wa marehemu ashuke na rafiki yake. Zoubeir alishuka. Hassane alishuka. Juu yao watu walitandaza shuka ili maiti asionekane, na chini ya shuka ile wakabaki wawili peke yao.

Mzigo ukateremshwa. Wakaulaza ubavu wa kulia, ndani ya mwanandani, pango la ubavuni mwa kaburi.

"Vizuri," Hassane akanong'ona. "Vizuri sana. Kesho baada ya alfajiri tunaufukua. Boti itangoja."

"Fungua sanda usoni," ikasema sauti ya juu. "Shavu liguse udongo."

Zoubeir akafungua fundo la juu. Nailoni ya kijani ikang'aa. Akaweka kiganja chake pale ambapo lingekuwa shavu, akalisukuma mpaka likagusa ardhi. Hakujua kwa nini alifanya hivyo. Nyavu zilikuwa na joto, na mkono wake haukutaka kuondoka.

Waliziba, wakafukia. Yule kijana wa mimbarini akachuchumaa upande wa kichwa kusoma talakini, na hapa hakuwa na aibu hata kidogo. Ewe Mchangama, mwana wa Echata, akasema. Sasa hivi watakujia malaika wawili. Wasikutishe. Wakikuuliza nani Mola wako, waambie.

Watu wote waliinama kuelekea kaburi, kama wanaosubiri jibu.

Walipoondoka wengine, Fahardine alisema yeye anakwenda kukaa na boti yake na hataki kuona tena jembe. Wakimletea mzigo, sawa. Wasipomletea, sawa vilevile. Uso wake ulikuwa wa kijivu. Youssoufa alikwenda kutafuta majembe.

Zoubeir alimngoja Hassane njiani.

"Nipeleke."

"Wapi?"

"Unajua wapi."

"Mama yako alitaka kaburi," Hassane akasema. "Analo. Umeshalipwa."

"Na kesho unalifukua."

"Ni nyavu, Zoubeir."

"Basi nipeleke kwenye la kweli. Sasa hivi. Jua bado lipo."

Hassane alitazama upande wa mji. Akatazama upande wa bahari. Macho yake yalitangatanga kama ya mtu aliyeulizwa njia mahali asipopajua, na Zoubeir aliyafuata mpaka akachoka kuyafuata.

"Hukumzika," akasema.

Hassane alipanguza udongo viganjani. Akaenda zake bila kugeuka.

MAHABIBO, IJUMAA, BAADA YA MAGHARIBI

Nyumbani kulikuwa na watu, mikeka, sufuria kubwa ya wali aliyoleta Sitti. Bi Echata alikaa ukutani akipokea mikono. Kofia ya Mchangama, ambayo haikuwahi kuondolewa msumarini, alikuwa amempa yule kijana wa mimbarini. Alimwambia Zoubeir kwamba alfajiri atakwenda kumwagia maji na kupanda mrehani upande wa kichwa. Je, udongo wa pale unashika?

Zoubeir akasema unashika.

Watu walipotawanyika, mama aliinuka akafunga mlango kwa komeo. Miaka sita haukufungwa kwa komeo usiku, ili Mchangama akirudi aingie. Zoubeir alisikia chuma kikiingia mahali pake, na baada ya muda mfupi akasikia mama yake anakoroma.

Alikaa macho. Aliwaza kisu. Aliwaza kuwabembeleza. Kila njia iliishia na jembe la Hassane katika udongo laini na mama yake amesimama pale na ndoo ya maji.

KITUONI, JUMAMOSI, KABLA YA ALFAJIRI

"Sisi tuliiba ghala," Zoubeir alimwambia askari wa zamu, mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa uzi. Akamtajia Hassane na Youssoufa, akamwambia njia watakayopita. Jina la nne hakulitaja. Akaulizwa nyavu ziko wapi. Baharini, akasema, chombo kilizama.

Askari waliwaleta wote wawili jua halijachomoza vizuri, wakawafunga pingu kwenye benchi moja na Zoubeir. Youssoufa alikuwa anavuja damu puani na hakuacha kumtukana Zoubeir, yeye na waliomzaa, mpaka wakampeleka chumba kingine. Majembe mawili yaliwekwa juu ya meza.

Askari wa zamu alivuta karatasi. Akamwambia Hassane kwamba mwenzake anasema nyavu zimezama. Yeye haamini. Nyavu zikirudi ghalani, mkubwa wa ghala hatataka kesi ndefu, kwa sababu ataulizwa mwenyewe alizifichia nini. Atakayezionyesha anaweza kulala kwake wiki ijayo. Asiyezionyesha atazeekea ndani.

"Tumewakamata njia ya makaburini," akasema. "Majembe ya nini?"

Zoubeir hakumtazama Hassane. Alitazama pingu zake, akasubiri lile neno moja: kaburini. Nje jogoo mmoja aliwika, na mwanamke alipita akiburuta ndoo.

"Majembe ya nini?"

"Kupalilia," akasema Hassane. "Tulikuwa tunakwenda kupalilia kaburi la rafiki yangu."

"Yule mliyemzika jana, mtaa mzima ukiwafuata?" Askari alikaribia kucheka. "Kaburi la jana lina majani gani?"

"Si la jana, bwana," akasema Hassane. "Ni la miaka sita."

Yule askari alikuwapo Mahajanga mwaka ule wa mauaji. Alivua miwani yake, akaishika mkononi, na hakuuliza tena juu ya kaburi.